Kichwa Kinachouma Kila Asubuhi: Dalili za Uvimbe wa Ubongo kwa Watoto

Mtoto akitapika, wazazi wengi wa Kilifi hufikiria kwanza malaria au minyoo. Akianguka-anguka, husemwa ana papara. Jicho likianza kupinda, husemwa ni kengeza la kurithi. Alama zikishuka shuleni, husemwa amekuwa mvivu. Mara nyingi wazazi huwa wamepatia, kwa sababu hayo ndiyo mambo ya kawaida kwa watoto. Lakini kwa watoto wachache dalili hizo hizo hutoka mahali pengine: uvimbe unaokua ndani ya ubongo.

Septemba ni mwezi wa uhamasisho kuhusu saratani ya watoto duniani kote, na alama yake ni utepe wa rangi ya dhahabu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000, wenye umri usiozidi miaka 19, hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 kati yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona ni chini ya asilimia 30.

Pengo hilo halitokani na saratani za huku kuwa kali zaidi. WHO inataja sababu zake: ugonjwa kutambuliwa ukiwa umechelewa au kutotambuliwa kabisa, matibabu kutopatikana, na familia kuacha matibabu katikati. Sababu ya kwanza ndiyo ambayo mzazi, mwalimu na mhudumu wa zahanati wanaweza kuipunguza, na hawahitaji mashine yoyote kufanya hivyo. Wanahitaji kujua cha kutazama na wakati wa kurudi hospitalini.

Uvimbe hufanya nini kichwani

Uvimbe hutokea pale seli za sehemu fulani ya mwili zinapoanza kuzaana bila mpangilio. Katika ubongo kuna uvimbe wa aina mbili kuu. Ule ambao ni saratani hukua haraka na unaweza kusambaa hadi sehemu nyingine za ubongo na uti wa mgongo. Ule usio saratani hukua polepole na haupendi kusambaa. Hata hivyo, aina zote mbili ni hatari, kwa sababu ubongo umefungwa ndani ya mfupa. Uvimbe wa tumboni unaweza kupata nafasi ya kutanuka. Ndani ya fuvu hakuna nafasi ya ziada.

Ubongo pia hutengeneza maji maalum kila siku, ambayo hupita katika njia nyembamba kabla ya kufyonzwa na kurudi katika damu. Kwa watoto, uvimbe mwingi huota sehemu ya nyuma ya ubongo, juu kidogo ya shingo, karibu na njia hizo. Njia ikizibwa, maji hujaa na shinikizo ndani ya kichwa hupanda.

Hapo ndipo asubuhi inapopata maana yake. Mtoto akilala usiku kucha, shinikizo huongezeka zaidi. Huamka kichwa kikimuuma, akatapika, na baada ya kusimama na kutembea kwa muda akapata nafuu. Anakunywa chai na kwenda shule. Mzazi hushukuru kwamba yamepita. Kesho yake asubuhi hali hujirudia. Nafuu hiyo ya mchana ndiyo inayowadanganya wengi, kwa kuwa mtoto anayefikishwa kwenye zahanati saa tano huwa anacheza kama kawaida.

Sehemu hiyo ya nyuma ya ubongo ndiyo pia inayoongoza mizani ya mwili. Ndiyo sababu mtoto aliyekuwa anakimbia vizuri huanza kuyumba, kutembea akiwa ametanua miguu, au kuangusha vikombe. Uvimbe ulio karibu na mishipa ya macho huharibu uwezo wa kuona. Ulio karibu na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huvuruga ukuaji: mtoto hudumaa, hubalehe mapema mno au huchelewa mno, au huwa na kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara.

Dalili kulingana na umri

Dalili hubadilika kadiri mtoto anavyokua, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja hawezi kusema kichwa kinamuuma.

*Mtoto chini ya miaka 5.* Kutapika kunakojirudia, hasa asubuhi. Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili. Utosi unaotuna hata mtoto akiwa ametulia. Macho yanayoelekea chini kana kwamba yanazama, yanayochezacheza yenyewe au yanayopinda. Kichwa kilichoinamishwa upande mmoja muda wote. Mtoto aliyekuwa ameanza kutembea au kuongea, kisha akaacha. Kulialia na usingizi usio wa kawaida.

*Mtoto wa miaka 5 hadi 11.* Kichwa kuuma mara kwa mara, na zaidi akiamka. Kutapika bila kuhara. Kuyumba, kuanguka, kujigongagonga. Kuona vitu viwili-viwili au kusogelea sana ubao. Mwandiko unaoharibika. Mabadiliko ya tabia: mtoto mchangamfu anayekuwa mpweke au mkali bila sababu inayojulikana.

*Kijana wa miaka 12 hadi 18.* Hizo zote za juu, pamoja na kubalehe kunakochelewa au kusimama, na kushuka kwa masomo. Vijana wengi huficha dalili, au huambiwa ni mambo ya umri wao.

Katika umri wowote, degedege kwa mtoto asiye na homa, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, ni dalili nzito.

Dalili moja, ikija siku moja na kuondoka, si sababu ya hofu. Karibu kila mtoto huumwa kichwa wakati fulani, na uvimbe wa ubongo ni ugonjwa wa nadra. Mambo matatu ndiyo yanayobadilisha uzito wake: dalili kuendelea, dalili kujirudia baada ya matibabu, na dalili mbili au zaidi kuja pamoja. Kichwa kinachouma peke yake ni jambo moja. Kichwa kinachouma pamoja na kutapika asubuhi na kuyumba ni jambo lingine kabisa.

Malaria, minyoo au kitu kingine?

Katika kaunti ambayo malaria bado ipo, swali hili ndilo gumu zaidi. Mtoto mwenye homa lazima apimwe malaria, na akikutwa nayo atibiwe. Hilo halibadiliki. Lakini kuna mambo mawili ambayo mzazi anapaswa kuyajua.

La kwanza ni homa. Uvimbe wa ubongo kwa kawaida hauleti homa, wala hauleti kuhara. Mtoto anayeumwa kichwa na kutapika kwa siku nyingi bila homa na bila kuhara anahitaji kutazamwa upya, hata kama dawa za minyoo na za tumbo zimeshatolewa.

La pili ni kwamba kipimo cha malaria kinaweza kuonyesha vimelea kwa mtoto ambaye ana ugonjwa mwingine pia. Katika maeneo yenye malaria, watoto wengine hubeba vimelea bila kuumwa. Kwa hiyo jibu la kuwa na malaria halifungi mjadala. Iwapo mtoto amemaliza dozi kamili na bado anatapika kila asubuhi, tatizo halijapatikana. Kumpa dozi ya pili na ya tatu ya dawa ile ile ni kupoteza wiki ambazo mtoto anazihitaji.

Hali ni hiyo hiyo kwa miwani. Mtoto akipewa miwani na bado macho yanapinda au anaona vitu viwili, arudishwe kwa daktari wa macho. Kwa kutumia kifaa chenye mwanga, daktari huyo anaweza kutazama nyuma ya jicho na kuona kama mshipa wa jicho umevimba kutokana na shinikizo la kichwani. Uchunguzi huo hauumi, ni wa dakika chache, na unaweza kufichua tatizo kabla ya picha yoyote kupigwa.

Uingereza ilivyopunguza kuchelewa

Tatizo la kuchelewa si la Kenya peke yake. Uingereza, nchi yenye mashine na madaktari wa kutosha, iligundua kwamba watoto wake walikuwa wakikaa takriban miezi mitatu au zaidi kati ya dalili ya kwanza na siku uvimbe ulipotambuliwa. Mwaka 2011 kampeni iliyoitwa HeadSmart ilizinduliwa. Kadi ndogo zenye orodha ya dalili kulingana na umri ziligawiwa wazazi, shule na wahudumu wa afya. Baada ya miaka michache, muda huo ulikuwa umeshuka hadi chini ya wiki 7.

Kampeni hiyo haikuleta dawa mpya. Ilileta orodha, na kuwapa wazazi ujasiri wa kurudi kwa daktari. Mwongozo wa madaktari wa huko unataka uchunguzi wa kina iwapo kutapika kumeendelea zaidi ya wiki 2, au kuumwa kichwa zaidi ya wiki 4. Dalili zikiwa mbili au zaidi, hakuna sababu ya kungoja wiki hizo ziishe.

Kuwahi hakuokoi maisha tu. Mshipa wa jicho uliobanwa kwa miezi mingi huenda usirudi katika hali yake hata baada ya upasuaji kufaulu. Kwa aina fulani za uvimbe, tofauti ya wiki chache ni tofauti kati ya mtoto anayerudi darasani akisoma ubao na yule anayerudi akiongozwa kwa mkono.

Njia ya rufaa

Safari huanza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kabla ya kwenda, mzazi aandike kwenye karatasi au kwenye simu: dalili ilianza lini, hutokea saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, na dawa zipi zimetolewa. Video fupi ya mtoto akitembea akiyumba, au macho yakichezacheza, humsaidia sana mhudumu ambaye huenda asiione hali hiyo siku ile. Kwa mtoto mdogo, kijitabu cha afya ya mama na mtoto kibebwe, ili uzito wake na ukuaji wake viangaliwe, na kichwa kipimwe kwa utepe.

Mhudumu atamtazama mtoto akitembea kwa mstari, akigusa pua kwa kidole, akifuata kidole kwa macho. Iwapo kuna shaka, atatoa rufaa kwenda hospitali kubwa kama ya Kilifi, Malindi au Mariakani. Ikiwa mzazi amerudi kituo kile kile mara ya tatu kwa dalili ile ile, ana haki ya kuuliza kwa heshima: "Je, mtoto anaweza kuwa na tatizo kichwani? Naomba rufaa." Swali hilo si utovu wa adabu, na hakuna mhudumu anayepaswa kulichukua hivyo.

Kinachothibitisha uvimbe ni picha ya ndani ya kichwa. Picha ya CT huchukua dakika chache na huonyesha uvimbe mwingi pamoja na maji yaliyojaa. Picha ya MRI huchukua muda mrefu zaidi lakini huonyesha kwa undani, hasa sehemu ya nyuma ya ubongo. Mtoto mdogo hupewa dawa ya usingizi ili asisogee. Eksirei ya kawaida ya kichwa haitoshi, na kipimo cha damu hakiwezi kuonyesha uvimbe wa ubongo.

Kwa matibabu ya kibingwa, watoto wa Pwani hupelekwa Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani mjini Mombasa, ambayo wengi huiita Makadara, au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi. Hospitali nyingine zenye huduma za aina hii ni Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, na Hospitali ya AIC Kijabe, inayojulikana kwa upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kwa watoto.

Baadhi ya hali hazingoji rufaa ya karatasi. Mtoto apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo akipata degedege bila homa, akisinzia kiasi cha kutoamshika, akipoteza uwezo wa kuona ghafla, au upande mmoja wa mwili ukilegea.

Matibabu yalivyo

Hatua ya kwanza mara nyingi ni kupunguza shinikizo. Daktari anaweza kuweka mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni ili maji yatoke, au kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo. Mtoto pia anaweza kupewa dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo. Siku chache baadaye huamka akiwa mchangamfu, akaomba chakula. Hapa ndipo familia nyingine huondoka hospitalini zikiamini amepona. Ukweli ni kwamba uvimbe bado upo. Dawa imepunguza kero tu.

Tiba yenyewe ina nguzo tatu. Upasuaji huondoa uvimbe wote au sehemu yake, na kipande hupelekwa maabara kujua ni aina gani. Tiba ya mionzi huua seli zilizobaki. Hutolewa siku tano kwa wiki kwa takriban wiki 6, na kwa kawaida huepukwa kwa watoto walio chini ya miaka 3 kwa sababu inaweza kudhuru ubongo unaokua. Dawa za saratani, ambazo wengi huziita kemo, hutolewa kwa awamu za miezi kadhaa. Si kila mtoto huhitaji zote tatu.

Matarajio hutegemea aina. Astrositoma inayokua polepole huweza kupona kwa upasuaji pekee iwapo imeondolewa yote, na katika nchi zenye huduma kamili zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye uvimbe wa aina hii huishi. Ndiyo maana mpango wa WHO wa saratani ya watoto, ulioanza mwaka 2018 kwa lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ya wanaopona ifikapo mwaka 2030, umeiweka miongoni mwa saratani sita za kupewa kipaumbele. Meduloblastoma ni saratani kali ya sehemu ya nyuma ya ubongo, lakini katika nchi hizo watoto wengi huishi nayo hadi kupona wakipata upasuaji, mionzi na kemo kwa mpangilio. Upande wa pili, kuna saratani inayosambaa ndani ya shina la ubongo ambayo bado haina tiba popote duniani. Kwa familia hizo, huduma ya kupunguza maumivu na kuwashika mkono ni sehemu ya matibabu kamili. Kwa wakazi wa Pwani, Coast Hospice ya Mombasa ni mojawapo ya mahali pa kuanzia.

Mtoto aliye kwenye kemo akipata homa, hata ndogo, arudishwe hospitalini mara moja. Kinga yake huwa imeshuka, na kungoja hadi asubuhi kunaweza kuwa hatari.

Gharama na SHA

Wiki sita za mionzi Mombasa au Nairobi zina maana ya nauli, malazi, chakula, na mzazi mmoja kutokuwa kazini. Hapo ndipo familia nyingi huvunjika moyo. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Moi, Eldoret, wakati wa NHIF ulionyesha kwamba watoto wenye saratani waliokuwa na bima walipata matokeo bora kuliko wasiokuwa nayo. Bima iliwasaidia kumaliza matibabu.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au katika kituo cha afya. Aliyesajiliwa hupata huduma za msingi bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3. Kwa matibabu ya hospitalini, ikiwemo saratani, ni lazima mchango uwe umelipwa. Walioajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Wasio na ajira rasmi hutathminiwa mapato ya kaya na kulipa kwa mwaka, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Kuna kiwango cha juu ambacho SHA hulipa kwa saratani kwa kila kaya. Kiwango cha sasa kiulizwe kwenye dawati la SHA hospitalini kabla ya matibabu kuanza.

Jambo moja husahaulika: mtoto lazima aongezwe kwenye akaunti ya mzazi kama mtegemezi, na cheti chake cha kuzaliwa huhitajika. Familia isiyo na cheti hicho hugundua pengo hilo siku mbaya kuliko zote. Hospitali kubwa pia zina maafisa wa ustawi wa jamii wanaosaidia familia zinazokwama. Ni afadhali kuwaona mwanzoni kuliko kutoroka matibabu katikati.

Yanayosemwa mitaani

*"Ni dege."* Huku Pwani, degedege la mtoto limehusishwa tangu zamani na ndege au pepo. Familia iko huru kusali na kuomba dua. Lakini degedege bila homa lina chanzo ndani ya ubongo, na chanzo hicho hutafutwa hospitalini. Dua na daktari havigombani. Kinachomuumiza mtoto ni miezi inayopita kabla ya kumwona daktari.

*"Mama alikula au alifanya kitu akiwa mjamzito."* Kwa watoto wengi, chanzo cha uvimbe wa ubongo hakijulikani. Sehemu ndogo huhusiana na hitilafu za kurithi, na wengine wachache na mionzi mikali waliyowahi kupigwa kichwani. Hakuna mama wa kulaumiwa.

*"Inaambukiza."* Haiambukizi. Mtoto huyo anaweza kula sahani moja na ndugu zake na kukaa dawati moja na wenzake.

*"Akipasuliwa kichwa hatapona tena."* Upasuaji wa ubongo una hatari zake, na daktari anapaswa kuzieleza waziwazi. Lakini kwa uvimbe mwingi wa watoto, kutopasuliwa kuna hatari kubwa zaidi.

Walimu na wahamasishaji wa afya

Mwalimu humwona mtoto saa nyingi za mchana, na ana kitu ambacho mzazi hana: watoto wengine wa umri ule ule wa kulinganisha nao. Mwalimu wa shule au wa madrasa akiona mwandiko wa mwanafunzi umeharibika, anainamisha kichwa kusoma, au anaanguka uwanjani wakati wenzake wanakimbia, amwite mzazi kabla ya kumwadhibu.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, maarufu kama CHP, zaidi ya 100,000 nchini, walikabidhiwa vifaa vyao Septemba 2023 na hutembelea nyumba hadi nyumba. Katika vijiji vya Ganze, Magarini au Kaloleni, ambako nauli ya kwenda hospitali ni suala la kupangiwa, mhamasishaji anayeuliza "Hutapika saa ngapi?" badala ya "Ametapika?" anaweza kufupisha safari ya mtoto kwa miezi.

Baada ya matibabu

Kupona ni mwanzo wa kazi nyingine. Mionzi na kemo vinaweza kuathiri usikivu, urefu, kumbukumbu na kasi ya kujifunza, kwa hiyo kliniki za ufuatiliaji zisirukwe hata mtoto akiwa mzima wa kuonekana. Anayepata ugumu darasani anaweza kupelekwa kwenye kituo cha kutathmini mahitaji ya elimu, EARC, ili shule ijue namna ya kumsaidia. Aliyebaki na ulemavu anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wenzake darasani nao waandaliwe: atarudi na kovu, huenda bila nywele, na atahitaji marafiki kuliko maswali.

Kwa ufupi, kwa kubandika ukutani

1. Kichwa kinachouma au kutapika kila asubuhi, bila homa na bila kuhara: nenda kituo cha afya.
2. Kuyumba, macho kupinda, kuona vitu viwili, kichwa kuinamia upande mmoja, kichwa cha mtoto mchanga kukua haraka: nenda kituo cha afya.
3. Dalili mbili au zaidi pamoja: omba rufaa bila kungoja.
4. Dozi ya malaria imeisha na dalili zimerudi: usirudie dawa nyumbani, rudi kituoni.
5. Degedege bila homa, kutoamshika, kupoofuka ghafla au upande mmoja kulegea: hospitalini leo.
6. Andika tarehe, piga video, beba kijitabu cha mtoto.
7. Msajili kila mtoto SHA akiwa bado mzima.